Tapeti kava, bolti mbili zilizokatika, na mizani yangu ya samaki

Gari langu ni Probox nyeupe yenye injini ya 1NZ-FE, na kazi yake ni samaki. Alfajiri natoka Malindi, navuka daraja la Sabaki, napita Mambrui na Gongoni, nashuka Ngomeni kuwasubiri wavuvi. Kabla ya saa nne asubuhi niko sokoni na changu, tafi, kolekole, na siku ya bahati nguru mmoja au wawili. Nyuma ya kiti kuna makasha ya barafu, na barafu ikiyeyuka maji yake hayakosi pa kupenya. Njia yenyewe inapita karibu na mashamba ya chumvi. Msimu wa kusi ukishika, nikipangusa kioo cha mbele kidole kinatoka na ladha ya bahari. Nayataja haya mapema kwa sababu chumvi imo katika kisa hiki.

Kilianza na harufu. Nilikuwa nikisimama Gongoni kununua chai, nazima gari, na baada ya dakika moja inanijia harufu ya mafuta yaliyosahauliwa kwenye karai. Wiki iliyofuata nikaona moshi mwembamba ukitoka chini ya boneti, upande wa manifoldi ya ekzosi. Kijiti cha oili nacho kikaanza kunionyesha upungufu: kila siku kumi nilikuwa naongeza karibu nusu lita.

Nilimpelekea fundi mmoja hapa mjini. Akatazama, akasema tapeti kava, kile kifuniko cha juu ya injini, inavuja, akachukua racheti yenye mkono mrefu akakaza bolti zote mpaka zikalia. Siku nne kukawa kukavu, ya tano harufu ikarudi. Nilipomrudia alipaka silikoni mshono mzima kuzunguka kava, juu ya gasketi (mpira wa kuziba) ile ile ya zamani, kisha akakaza tena, zaidi ya mara ya kwanza. Hapo nilipata wiki mbili za amani. Halafu asubuhi moja, napanda kutoka darajani Sabaki na kilo 70 za samaki nyuma, gari likaanza kutetemeka kama lina homa, taa ya injini ikawaka kwenye dashibodi. Nilipochomoa koili ya tatu, inayopeleka umeme kwenye plagi, mpira wake ulitoka umelowa oili na umevimba. Kisima cha plagi, lile tundu refu ambamo plagi hukaa, kilikuwa kimejaa oili kama kikombe.

Bahati ni kwamba wiki hiyo ami yangu alikuwa Malindi kwa arusi. Ami anakaa Lamu, na maisha yake yote amekuwa fundi wa injini za mashua. Hana gari wala hajawahi kutaka kuwa nalo. Lakini injini ni injini, na yeye ana namna ya kuitazama ambayo sijaiona kwa fundi mwingine. Nilimweleza yote, nikamwambia nimeshanunua gasketi mpya kwa shilingi 1,800, kwa hiyo tufungue tu. Akaniuliza, “Inavuja wapi, na kwa nini inavuja? Hayo ni maswali mawili, mwanangu. Gasketi yako inajibu nusu ya moja.”

Basi siku ile hatukufungua kitu. Tulifunika koili na alteneta kwa mifuko ya nailoni, tukaosha injini kwa mafuta ya taa na brashi ya kupakia rangi, tukasuuza kwa sabuni kidogo, tukaacha ikauke kabisa. Kisha Ami akaomba poda. Ile ile ya watoto. Akainyunyiza kando ya mshono wa kava, kuzunguka mzizi wa kila bolti, na chini pale kava ya cheni inapokutana na silinda hedi, kichwa cha injini kilicho chini ya tapeti kava. Nikaendesha mpaka Mambrui na kurudi. Tulipoinua boneti, poda ilikuwa imeandika kila kitu: mstari wa kahawia umeanzia kona ya nyuma ya kava, ukateremka kwenye manifoldi; na doa jingine dogo pembeni ya bolti ya katikati. Oili huteremka, na upepo wa gari huisukuma nyuma, kwa hiyo ukitafuta mvujo tafuta pahali pa juu kabisa penye unyevu. Chini kunakotona hakukwambii lolote. Nawajua watu waliobadilisha sili ya krenkishafti, kazi ya siku nzima, na kumbe oili ilikuwa inatoka juu huko.

Hilo lilikuwa swali la kwanza. Kwa la pili, Ami aliniambia niwashe injini iungurume taratibu, nifungue kifuniko cha kumiminia oili, niweke kipande cha karatasi nyembamba juu ya tundu. Karatasi inatakiwa inyonywe kidogo, ikae. Yangu iliinuka na kuchezacheza kama kifuniko cha chungu kinachochemka.

Hapo ndipo nilipoelewa. Injini yoyote, hata mpya, gesi kidogo hupenya kando ya pete za pistoni na kushuka chini kwenye oili. Gesi hizo zimewekewa njia ya kutokea: vali ndogo ya kupumulia, inayoitwa PCV, inayozivuta na kuzirudisha kwenye manifoldi ya hewa zikaungue. Vali hiyo ikiziba, gesi hazina pa kwenda. Zinajazana, zinasukuma, na mahali pa kwanza penye mpira uliochoka ndipo zinapotokea, zikibeba oili. Ami aliifungua vali yangu akaitikisa sikioni. Nzima hulia ndani kama njuga. Yangu ilikuwa bubu, imejaa uchafu mweusi mzito kama lami. “Imekabwa koo,” akasema. Kwa hiyo ule mkazo wote, na silikoni yote ile, vilikuwa vinashindana na pumzi ya injini yenyewe. Ningeweka gasketi mpya bila kugusa vali hii, ningerudi pale pale baada ya mwezi.

Halafu akaona silikoni iliyofura kote kwenye mshono, akasikitika kwelikweli. “Injini si jahazi, hii haitiwi kalafati.” Jahazi kila mshono wake hushindiliwa pamba iliyolowa mafuta, na mbao zikinywa maji zinavimba na kuzidi kubana. Mpira wa gasketi haufanyi hivyo. Unaziba kwa sababu unarudi ulipobonyezwa, na ukishakaangwa miaka kumi hauna tena nguvu ya kurudi. Ukiukandamiza zaidi unaupasua. Na silikoni inayofura upande wa nje, ujue imefura vilevile upande wa ndani. Vipande vyake vikikatika huenda mpaka kwenye chujio la pampu ya oili.

Kesho yake, injini ikiwa baridi, tulianza kufungua. Soketi ya 10, racheti fupi. Bolti tatu zilitoka vizuri. Ya nne, ile ya kona ya nyuma, ilikuwa ngumu, ikalia mlio mwembamba, kisha ghafla mkononi ikawa laini. Aliyewahi kukata bolti anaujua ulaini huo. Si wa bolti inayofunguka. Ni wa chuma kinachojinyonga. Nilisimama, lakini ilikuwa tayari. Kichwa kilibaki ndani ya soketi. Ya katikati nayo ikafuata, na hiyo nilikuwa nimeipaka dawa ya kulegeza kutu, nimeigongagonga, nimesubiri nusu saa.

Tulipoinua kava, gasketi ya zamani ilikatika vipande vipande kama ukoko wa wali. Kwenye mzizi wa bolti zote mbili kulikuwa na unga mweupe. Hiyo ndiyo chumvi ya Gongoni na maji ya barafu yangu. Bolti ni chuma, silinda hedi ni alumini. Vikigusana penye unyevu wa chumvi vinafanya kazi kama betri ndogo, na inayoliwa ni alumini. Unga wake unahitaji nafasi kubwa kuliko alumini yenyewe, kwa hiyo unavimba ndani ya nyuzi, ile mikato ya msokoto, na kuikaba bolti. Ongeza hapo racheti ndefu ya yule fundi, iliyokuwa imekwisha kuinyoosha bolti ya milimita 6 kupita uwezo wake, na kukatika kwake kunaeleweka.

Kabla ya kugusa kisiki chochote, yaani kipande cha bolti kilichobaki ndani, Ami alijaza vitambaa safi kwenye kila tundu la kurudishia oili na kuzunguka kemushafti zote mbili. Alitumia kikoi chake cha zamani, akikikata kwa mkasi na kukunja pindo ndani ili nyuzi zisibaki. Alikuwa mkali sana hapo. Chembe moja ya chuma ikishuka mle, inaishia kwenye oili, na oili inaipeleka kwenye beringi.

Kisiki cha kona kilikuwa kimesimama karibu milimita 5 juu ya alumini. Tulijaribu koleo la kujifunga, likateleza na kukilainisha, tukaacha mapema. Tukakiwekea mchanganyiko wa oili ya giaboksi ya otomatiki na asetoni, nusu kwa nusu, tukalala nacho usiku kucha. Asubuhi tukamwita jirani mwenye mashine ya kuchomelea. Tulitoa nyaya zote mbili za betri, tukaondoa vitambaa vyenye mafuta na kuweka vingine vikavu vilivyofunikwa kwa bati, na waya wa athi wa mashine tukaubana karibu kabisa na kisiki. Akakivisha nati kubwa kidogo, akajaza moto katikati ya nati mpaka chuma cha nati na cha bolti vikawa kimoja. Alumini haishikani na fimbo ile ya kuchomelea chuma, kwa hiyo si rahisi kuichomelea kwa bahati mbaya, lakini mkono uliotetemeka unaweza kuitoboa. Tukangoja rangi nyekundu ipotee. Kilichofanya kazi ni joto lenyewe: limelivunja lile ganda jeupe. Ami akaweka spana, akasogeza robo mzunguko kushoto, akarudisha, akatia tone la oili, akasogeza tena. Dakika kumi za kwenda na kurudi, na kisiki kikatoka kizima, nyuzi zake zimejaa unga mweupe.

Cha katikati kilikuwa kimekatika ndani, chini ya uso wa alumini. Hapo jirani alisema atafute kile chuma cha msokoto cha kung'olea visiki, kinachoingizwa kwa kutoboa na kuzungushwa kinyume. Ami alikataa. Chuma hicho ni kigumu mno na chembamba, na kwa bolti ndogo kama hii, iliyokamatwa na kutu, hukatika ndani. Ukifika hapo una kisiki ambacho drili haiwezi kukiuma, na hedi inakwenda kwa fundi wa mashine. Aliamua kutoboa.

Taabu ya kutoboa ni kupata katikati. Chuma cha bolti ni kigumu, alumini ni laini, kwa hiyo biti ikipata nafasi hukimbilia kwenye alumini, na tundu linakwenda kombo. Alichofanya Ami sikuwahi kukiona. Alinituma kwa fundi wa lethi na kipande cha shaba nyekundu, nikachongewa kidude cha mviringo kinachoingia sawasawa kwenye tundu la kava, kina tundu la milimita 3 katikati yake. Tukairudisha kava mahali pake bila gasketi, tukaifunga kwa bolti nzima, na kile kidude kikakaa juu ya kisiki. Biti ikapita humo, haina pa kukimbilia. Akaniambia waunda majahazi nao hawapigi msumari kabla ya kutoboa kwa keekee, ile drili ya kuzungushwa kwa uta, na mzee mwenye keekee haangalii ncha, anaangalia uta wake umekaa sawa. Nilishika drili mimi. Yeye alikaa pembeni akiangalia kama nimesimama wima.

Milimita 3 kwanza, polepole, grisi kwenye biti ili vipande vigande. Kisha tukatoa kava na kupanua kwa 4, halafu 5, ambayo ndiyo saizi ya tundu kabla ya kukata nyuzi za M6, yaani za bolti ya milimita 6. Baada ya 5, kilichobaki cha bolti kilikuwa ganda jembamba tu lililokaa ndani ya nyuzi za alumini. Ami akachukua sindano ya kushonea magunia, akachokoa ncha ya juu, akaivuta. Likatoka lote kama springi ya kalamu, mizunguko minne au mitano ya uzi wa chuma, jembamba kuliko mwiba wa dagaa. Nililiweka kwenye kiganja nikaliangalia kwa muda mrefu. Nyuzi za alumini chini yake zilikuwa nzima.

Tukapitisha tepu ya M6, chuma cha kukatia nyuzi, kwa mkono, nusu mzunguko mbele, robo nyuma, ili kuzisafisha. Kama biti ingekwenda kombo na kuzila nyuzi, dawa ingekuwa helikoili: unapanua tundu, unakata nyuzi kubwa zaidi, unaingiza springi ya chuma cha pua ambayo ndani yake ni M6 tena. Ni dawa nzuri, na kwa pahali palipokwisha haribika naipendelea kuliko bolti nene. Sikuihitaji.

Tundu likishakuwa tayari, likaushe. Oili ikibaki chini ya tundu lisilotokea upande wa pili, bolti inaisukuma kama pistoni na inaweza kupasua alumini. Na usinunue bolti yoyote yenye kichwa cha 10 ukadhani inatosha. Pima kina kwa njiti. Bolti ndefu hugonga chini kabla ya kubana kava, na wewe unaendelea kukaza ukidhani bado. Kwenye injini nyingi za siku hizi bolti ya kava ina bega linaloiambia ikome. Ukishahisi limefika, nguvu ya ziada haiendi kwenye mpira, inakwenda kuikata bolti.

Kusafisha nyuso kulituchukua adhuhuri nzima, na sina mengi ya kusema juu yake: thina, kitambaa, na kipande cha rula ya plastiki ili nisikwaruze. Gasketi mpya ilikaa kwenye mfereji wake kavu. Silikoni tulitia tone mbili tu, pale kava ya cheni inapokutana na hedi kila upande, kwa sababu hapo pana ngazi ndogo ambayo mpira peke yake hauijazi.

Sasa kukaza. Bolti hizi zinataka nyutoni-mita 10 tu, na spana ya kupimia nguvu hatukuwa nayo. Ami akaniuliza mizani yangu inasoma mpaka kilo ngapi. Ni ile ya kuning'iniza, yenye ndoana, ninayopimia samaki Ngomeni. Alichukua spana bapa ya 10, akapima kwa rula sentimita 10 kutoka katikati ya bolti, akafunga kamba hapo, akatia ndoana. Kilo 10 kwenye sentimita 10 ni karibu nyutoni-mita 10. Unavuta kwa pembe ya mraba, unasoma, unaacha. Tulianzia katikati kwenda nje, kilo 4 mzunguko wa kwanza, 7 wa pili, 10 wa tatu. Lile tundu tulilotoboa tuliishia 8.

Nilishangaa jinsi kilo 10 zilivyo kidogo. Kwa spana ile ni vidole viwili na dole gumba, bila bega kuingia kazini. Yule fundi alikuwa anasimama na racheti ya sentimita 30 na kuegemea. Simlaumu kwa ubaya, naamini alitaka mvujo wangu ukome. Lakini alikaza kitu ambacho hakikuwa kimelegea.

Vali ya PCV tuliisafisha kwa thina ikalia kidogo, nikaitumia wiki moja mpaka mpya ilipofika kutoka Mombasa. Mpira wa koili ya tatu nilibadilisha, na kisima cha plagi tulikifyonza kwa bomba la sindano kabla ya kuchomoa plagi, ili oili isishuke ndani ya silinda. Tuliacha silikoni ikauke mpaka asubuhi, ndipo tukawasha. Karatasi juu ya tundu la oili ilikaa, imenyonywa kidogo katikati.

Ami amerudi Lamu na kile kidude cha shaba mfukoni. Ni wiki ya sita sasa. Kila Ijumaa nanyunyiza poda kwenye mshono, na inabaki nyeupe pande zote isipokuwa kona moja, karibu na vali ya kuongoza oili ya VVT-i (mfumo wa Toyota wa kubadili wakati wa vali kufunguka), ambako naona unyevu wa saizi ya ukucha. Hiyo haitoki kwenye kava. Ni o-ringi, mpira wa duara wa kuziba, wa vali yenyewe, na vali hiyo imeshikwa na bolti moja tu ya 10. Nimeshainunua, na bolti hiyo naitia dawa ya kulegeza kila jioni tangu Jumanne, nikiigonga taratibu kwa mpini wa bisibisi. Jumapili, injini ikiwa baridi, nitajaribu kuifungua. Mizani nimeshaiosha.